Je, mfupa wa kisukuku una kovu?

Swali: Ninaandika maelezo mafupi ya picha za visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ardhini. Alama zote zilizo kwenye mifupa nimeziita makovu: "kovu la asili" kwa zile ambazo mfupa ulikuwa nazo tangu mwanzo, na "kovu la baadaye" kwa uharibifu, hata ule wa patasi ya mchimbaji. Mwenzangu anasema niandike "alama" kila mahali, basi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako hajakosea, ila amekupa neno pana mno. Wewe umechukua neno jembamba ukalitandaza kila mahali. Kovu ni alama inayobaki baada ya kidonda kupona, na kupona ni kazi ya kilicho hai. Kwa hiyo patasi iliyogonga mfupa miaka milioni moja baada ya mnyama kufa haiwezi kuacha kovu. Neno hilo lihifadhi kwa mfupa ulioumia mnyama akiwa hai, ukaanza kuungana: kingo za jeraha zimelainika na kuviringana, na mara nyingi pana kinundu cha mfupa mpya. Ukiona hivyo, andika kovu bila wasiwasi.

Kinachonisumbua zaidi ni "asili" yako. Mizizi ya mimea ikiugusa mfupa uliozikwa, asidi zake huula uso wa mfupa na kuacha vifereji vinavyopindapinda. Je, hiyo ni alama ya asili? Haikufanywa na mtu, kwa hiyo msomaji mmoja atasema ndiyo. Mwingine atasema mnyama hakuzaliwa nayo, kwa hiyo siyo. Wote wawili wanajua Kiswahili. Aliyewaponza ni mwandishi. Kwa tundu linalopitisha mshipa wa damu, au uso wenye kukwaruza pale msuli uliposhika, mimi ningeandika "alama za maumbile". Zilizokuja baadaye ziitwe "alama za baada ya kifo", na zile za patasi na brashi ziitwe waziwazi "alama za ufukuaji". Hizi za mwisho hujifichua kwa rangi: palipovunjika zamani pamekolea rangi ya udongo sawa na uso wote wa mfupa, lakini palipovunjika juzi huwa peupe zaidi, kama mkate uliomegwa.

Kuna pia ufa na mshono, na hapa wengi huteleza. Mistari inayokwenda kama meno ya msumeno juu ya fuvu si nyufa. Ni mishono, mahali vipande vya fuvu vinapokutana, na umri ukienda huweza kuungana hadi isionekane vizuri. Ufa huja kwa kukauka. Mfupa uliolala juani hupasuka kwa kufuata urefu wa nyuzi zake, kisha uso wake huanza kubanduka. Neno lile lile la ukuta kwenye methali linatosha kabisa, halihitaji pambo. Ila kipande kikiwa kimetoka kabisa, hilo si ufa tena, ni pengo.

Sasa twende kwenye maneno yenye uzito wa hukumu. Mkato unadai kitu chenye makali. Mkwaruzo haudai chochote zaidi ya kitu kigumu kilichopita juu ya kingine. (Chale tuziache: hizo ni za ngozi ya mtu, tena za makusudi.) Mwaka 2010 watafiti walitangaza mifupa miwili kutoka Dikika, Ethiopia, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.4, wakisema ina mikato ya zana za mawe. Wengine wakajibu kwamba wanyama wanaokanyaga mfupa juu ya mchanga wenye chembe kali wanaweza kuacha mistari inayofanana na hiyo. Ungeandika "mikato" chini ya picha ile, ungekuwa umeshaamua kesi. Mkato wa jiwe kwa kawaida una bonde lenye ncha chini, na la jino huwa la mviringo zaidi, lakini mpaka wenyewe si wa kuchora kwa rula. Ukiwa na shaka, mkwaruzo ni neno la mtu mwaminifu.

Vitenzi vyetu navyo vina adabu hiyo hiyo. "Mfupa umevunjika" haumshtaki mtu. "Mfupa umevunjwa" unamtafuta mhusika, na msomaji atauliza, na nani? Fisi? Mtu? Uzito wa mchanga hauvunji kwa kusudi, kwa hiyo kwake "umevunjika" linafaa zaidi. Wanaoandika habari za kisayansi hupenda kauli ya kutendwa, kama hilo "umevunjwa", kwa sababu inasikika kwa kishindo, na ndipo wanapojikuta wamemtaja mkosaji wasiyemjua.

Kwa hiyo sentensi yako, "Mfupa huu una makovu ya asili na makovu ya baadaye", ningeigeuza hivi: "Matundu mawili upande wa juu ni ya mishipa ya damu. Nyufa ndefu zilitokea mfupa ulipokauka. Mkwaruzo mweupe karibu na ncha ni wa patasi." Na kama kuna mstari ambao bado hujaujua, hapo ndipo umwazime mwenzako neno lake: alama.