Mkuu, usipulize rangi kwenye hizo plastiki. Nimetoka huko na nauli nililipa

Usipeleke gari Jumamosi. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie umesafiri, mwambie gari umeazima mtu, sema lolote.

Kwa wanaopita: mleta mada ana Hilux ya milango minne, alihama nayo kutoka Dar miaka mitatu iliyopita. Plastiki nyeusi za nje zimepauka, yaani bampa, mikanda ya juu ya matairi, saiti mira na ule ubao wa plastiki unaopita mlangoni. Zimekuwa kijivu kama jivu la kuni. Fundi kamwambia Jumamosi alete gari na elfu 90, azifute na petroli, apulize rangi nyeusi, ziwe kama zimetoka kiwandani. Ameuliza pia taa za mbele zilizogeuka njano, vumbi lililoingia kwenye siti, na wapi hapa Dodoma wanaosha gari kwa uangalifu. Mimi nilipofika kwenye neno "petroli" niliweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Mwaka 2021 mimi ndiye nilikuwa wewe. Hilux langu lilikuwa linashinda juani Kibaigwa nikifuata mahindi, likirudi linalala nje Nkuhungu. Jua la hapa mnalijua. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba wingu likipita watu wanalitazama kama mgeni. Miale inakula ngozi ya juu ya plastiki mpaka inakuwa na vinyweleo na unga. Ukipitisha kidole kinatoka na kitu kama chaki. Vumbi nalo linaingia kwenye vile vijistari vya plastiki linajenga kabisa, linakata hati.

Kosa langu la kwanza lilikuwa dogo, lakini ndilo lililozaa kubwa. Kijana anayeosha magari aliniambia, "Braza, paka mafuta ya alizeti tu, utakuja kunishukuru." Alizeti imejaa huku kwetu, kidumu ninacho nyumbani, nikapaka. Aisee, plastiki ikawa nyeusi tii! Nikapiga picha nikaweka status. Siku ya tatu kijivu kikarudi, nikapaka tena. Nimepaka hivyo kama miezi mitatu. Sasa mafuta ya alizeti hayaruki kama maji, na hayabaki mafuta pia. Yakikaa kwenye hewa na joto yanaganda. Angalia ukutani nyuma ya jiko la mama yeyote anayekaanga maandazi, ule utando wa rangi ya asali unaonata, ndio huo huo. Nikapita nao barabara ya vumbi kwenda Hombolo, bampa likarudi limevaa unga kama andazi linalosubiri kuingia kwenye karai.

Hapo akajitokeza mteja kutoka Singida. Kwa simu tukakubaliana milioni 24, anakuja kuliona baada ya wiki mbili. Nikasema nilipendezeshe. Nikaenda kwa fundi mmoja wa bodi, kijiwe chake chini ya mwarobaini kule Chang'ombe. Nilimuuliza kabisa, kwa mdomo wangu huu: rangi itashika kwenye plastiki? Akanijibu huku anatafuta chenji ya soda, "Bosi, rangi ni rangi. Inashika popote." Elfu 80. Akachukua tambara, akalichovya kwenye petroli, akafuta mara moja juu juu, akapuliza. Ndani ya saa mbili kazi imekwisha. Na ilipendeza jamani, nisiseme uongo. Nilizunguka mjini bila sababu, nikapita Nyerere Square mara mbili kama nina mkutano.

Siku ya tisa nikalipeleka kuoshwa. Yule kijana (ndiyo, yule yule wa alizeti, usinicheke) akaelekeza mpira wa presha kwenye bampa. Mnajua nyanya ukiitia maji ya moto, ngozi inavyojikunja na kuvuka yenyewe? Ndivyo rangi ilivyotoka. Vipande virefu, vyeusi, vinaning'inia. Kimoja kilipeperuka kikaenda kunata kwenye kioo cha gari la jirani, mwenye gari akanitazama tu. Nyuma ya kile kipande nikaona utando wa alizeti bado upo, na vumbi langu la Hombolo limehifadhiwa vizuri kabisa.

Nilitakiwa kuishia hapo. Hasara ya elfu 80, unameza mate, unaendelea na maisha. Lakini mteja anakuja keshokutwa, nikarudi kwa fundi. Akaitazama, akasema, "Hiyo ni presha ya maji bosi, sio rangi." Kwamba kosa ni la maji! Halafu akasema tatizo dogo, tunatoa na thina (ile ya kuyeyushia rangi), tunapuliza upya, utanipa ya soda tu. Akamimina thina kwenye tambara mpaka linachuruzika, akaanza kusugua ule ubao wa mlangoni. Mimi nimesimama pale pale, namwona, nimeshika ufunguo. Thina ikateremka kutoka kwenye plastiki ikaingia kwenye rangi ya mlango. Baada ya dakika hivi mlango ukaanza kujikunja kama utando wa maziwa ukiugusa na kijiko. Mkunjo wenye upana wa viganja viwili, katikati ya mlango wa dereva, mweupe.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba thina ilidondokea na fenda pia. Fenda haikushtuka. Rangi ya kiwandani imechomwa kwenye oveni, haiogopi tone la thina. Iliyojikunja ni ile ya kupuliziwa mtaani. Ndipo nikajua, baada ya miaka minne ya kuapa kwamba gari langu halijawahi kuguswa, kumbe mlango ule ulishapigwa rangi kabla sijalinunua. Mteja alifika, akazunguka mara moja, akagusa mlango, akaniambia kwa upole sana, "Kaka, gari hili limegongwa." Nikaanza kumweleza habari za thina na alizeti. Hebu jiweke mahali pake uisikilize hiyo hadithi. Akashusha mpaka milioni 21, nikakataa kwa hasira, akapanda basi lake akarudi kwao. Mlango kuunyoosha na kuupiga rangi upya ilikuwa 350,000. Gari bado ninalo hadi leo. Mke wangu kila akiona kidumu cha alizeti ananiuliza nakwenda kupaka nini. Mnajua ile hadithi ya tembo aliyezama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani amezama, mji ukapata jina? Pesa yangu iko pale pale alipo yule tembo.

Yule fundi nina hasira naye mpaka kesho, ingawa tukikutana tunasalimiana vizuri. Sio kwamba hajui kupaka rangi. Bati analijua. Lakini alijua hajui plastiki, na hakusema. Plastiki nyingi za namna hiyo ni ndugu wa ndoo na beseni lako la jikoni. Ukilala chini ukachungulia nyuma ya bampa mara nyingi utakuta herufi PP zimegandamizwa. Jaribu kupaka rangi beseni, kisha likwaruze na ukucha uone. Rangi haina pa kushika. Wanaoipaka ikakaa wanaosha kwa umakini, wanapiga msasa laini, wanatanguliza praima maalumu ya plastiki, ile ya chini ya kushikisha rangi, ndipo waweke rangi, na hata hapo jiwe moja la barabara ya changarawe linaacha doa. Muulize fundi wako anatumia praima gani ya plastiki. Akikujibu "rangi ni rangi", unajua pa kukimbilia.

Na huyu mjumbe hapo juu anayesema upitishe moto wa mtungi wa gesi plastiki inarudi nyeusi: ndiyo, inarudi, kwa sababu umeiyeyusha ngozi ya juu. Plastiki hiyo inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, moto wa gesi unapita 1,000. Ukichelewa nusu sekunde vile vijistari vinalainika, panabaki doa linalong'aa kama kovu, na kovu la plastiki halina fundi. Baada ya miezi kadhaa kijivu kinarudi kama kawaida. Hizo video zote mnazotumiana zinapigwa siku ya kwanza. Hakuna anayerudi kupiga ya siku ya arobaini.

Sasa sikiliza, maana ndilo jambo pekee nililolinunua kwa pesa zote hizo. KITAMBAA CHEUPE. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kilowanishe kidogo, sugua plastiki kwa nguvu. Kikitoka na weusi, kahawia au mafuta, usipake kitu. Osha tena. Kikitoka na chochote, osha tena. Mimi mara ya mwisho nimeosha bampa la mbele mara tano, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, brashi ngumu kiasi ya kufulia, na mswaki wa zamani kwenye kona. Maji ya mara ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Ya tatu kama chai ya maziwa. Ya tano ndiyo yakawa maji. Mchana mzima umekwenda kwa kuosha tu, kupaka kwenyewe kulichukua dakika ishirini. Mtu akikwambia kupaka ndiyo kazi, hajawahi kuosha.

Pakikauka, mwagia maji safi kidogo utazame. Ikiwa plastiki ikilowa inakuwa nyeusi vizuri, iko hai, ngozi ya juu tu ndiyo imechakaa, na dawa ya kurudishia plastiki itafanya kazi ile ile ya maji ila yenyewe haikauki ikaondoka. Ukiona weupe unabaki kwenye kona hata ikilowa, huenda ni nta ya kung'arishia bodi imeganda pale, hiyo ni ya mswaki na sabuni. Kuna wazungu mtandaoni wanaitoa kwa siagi ya karanga. Mimi mtoto wa Bahi nipake karanga kwenye bampa, mlenda nitaunga na nini?

Dawa yenyewe: tafuta ile ya kurudishia plastiki inayokauka na kuwa ngumu. Hizi zinazobaki na utelezi ukigusa, pamoja na mafuta ya kung'arishia tairi, ni alizeti iliyovaa suti. Zinang'aa, zinakamata vumbi, mvua ya kwanza zimekwenda. Kabla ya kupaka futa na spiriti ile ya duka la dawa, acha ikauke. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi ya bodi inayopakana na plastiki, kwa sababu dawa ikigandia kwenye rangi utanililia. Paka kivulini, asubuhi mapema au jioni. Weka kiganja kwenye plastiki: ukishindwa kukiacha hapo kwa joto, subiri. Tone dogo kwenye sponji, safu nyembamba, subiri dakika chache kama kopo linavyosema, futa ziada na kitambaa kikavu. Usilioshe siku hiyo wala kesho yake. Anza na mahali pasipoonekana, mimi huanza chini ya bampa la nyuma. Niliyopaka mwishoni mwa Septemba ilivuka masika yote ikiwa nyeusi, ilianza kuchoka kwenye saiti mira kwanza, kwa sababu ndizo zinazotazama juu. Kopo dogo nilinunua 45,000 na bado lipo nusu. Linganisha na elfu 90 za huyo jamaa yako.

Ya taa za mbele nimeona sasa hivi narudia kusoma swali lako. Zangu bado njano, kwa hiyo hapo waulize wengine. Siti pia.

Kesho kabla jua halijapanda chukua kitambaa cheupe, sugua bampa la mbele upande wa dereva, piga picha ya kitambaa uiweke hapa. Usipige ya bampa, piga ya kitambaa.