Mchanga ndio unaokula impela yako

Ndugu, umeuliza kwa nini mashine ya boti yako inachemka kila ukiingia Kunduchi, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa. Pangaboi linatimua mchanga, pampu ya maji ya kupoza mashine inaufyonza, nao unakwangua impela, yaani kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu, na kikombe kinachokizunguka. Kurudi nyuma ni kubaya zaidi, maana mkondo unautupa mchanga moja kwa moja kwenye matundu ya kuvutia maji.

Punguza kasi ya mashine, inua mashine kidogo, lakini matundu yale yabaki ndani ya maji. Kina cha maji kikiwa chini ya futi mbili zima kabisa, tumia upondo. Tafadhali usibishane na fungu la mchanga.

Ukifika, isuuze mashine kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, dakika 10. Mchirizi wa maji unaoruka kutoka kwenye mashine ukidhoofika, zibua tundu lake kwa waya. Ukibaki dhaifu, fungua pampu, badilisha impela, na kikombe kikiwa na mikwaruzo nacho pia.