Re: Ubao wa Richlite kwenye gitaa, ni feki?

Mkuu, umeuliza kama gitaa la mtumba uliloliona hapo Iringa mjini limechakachuliwa kwa sababu ubao wa kubonyezea nyuzi ni Richlite, si mti. Hapana, si feki. Richlite ni karatasi zilizoloweshwa resini ya fenoli (aina ya gundi ya plastiki inayokuwa ngumu kwa joto), zikapangwa na kukandamizwa kwa joto hadi zikawa kitu kimoja kigumu. Kampuni ya magitaa ya Gibson waliiweka hata kwenye gitaa lao la Les Paul Custom, na wenzao wa Martin wanaitumia kwenye baadhi ya magitaa yao.

Kwa huku kwetu nyanda za juu mimi naipenda kabisa. Mti hunywa unyevu na kuutoa. Kipupwe kikishika, Juni hadi Agosti, hewa inakauka, ubao unasinyaa, na ncha za freti (vile vyuma vyembamba vilivyolala juu ya ubao) zinachomoza pembeni na kukukwaruza mkono kila ukishuka shingoni. Richlite haisumbui hivyo, na haidai kupakwa mafuta.

Fundi akibadilisha freti azing'oe taratibu, kingo za ubao zisimeguke, na avae barakoa anapopiga msasa. Hata vumbi la mpingo si la kuvuta.

Sauti? Nyuzi mpya zitakubadilishia zaidi kuliko ubao huo.

Ila muuzaji asikudanganye kwamba atakuwekea "mti halisi" kwa bei poa. Huku mti wa bei poa ni paini ya shamba la miti la Sao Hill, laini mno, nyuzi zitaichimba. Kagua kama shingo imenyooka, hapo ndipo pa kuvutania bei.