Kabati la mninga, kutoka Rau hadi Njiro

SWALI: Mwezi wa 4 tunahama kutoka Rau, Moshi, kwenda Njiro, Arusha. Tuna kabati la mninga la milango mitatu, tulipewa na mama mkwe. Fundi anasema lifunguliwe lote, mwenye gari anasema lipakiwe lilivyo. Nimsikilize nani? Na friji, ni kweli ilazwe ili isianguke? – Mama Neema, Rau

JIBU: Mama Neema, msikilize mwenye gari, lakini nusu tu. Kabati kama hilo kwa kawaida limeungwa kwa ndimi za mbao na gundi. Ukiligonga ulifungue, maungio yanapasuka, na hayarudi tena yalivyokuwa. Vitoke milango, droo, rafu na kioo, basi. Skrubu za kila bawaba zitie kwenye kimfuko ukifunge kwenye bawaba ileile. (Lingekuwa la MDF, yaani bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, tungesema kinyume: hilo hufunguliwa, maana likibebwa zima bodi humeguka kwenye matundu ya skrubu.)

Pima kabla gari halijaja. Kabati la kimo cha sm 200 na kina cha sm 60 likilazwa lipite mlangoni, kulisimamisha tena kunahitaji dari ya sm 209 au zaidi, kwa sababu wakati wa kuinuka kona yake hupanda juu kuliko kimo chenyewe. Futi kamba ipite pia kwenye geti la chuma la mlango. Mara nyingi hilo ndilo linalobana, wala si fremu.

Watu wanne wabebe. Wasiliburute hata hatua moja: miguu imetengenezwa kubeba uzito wa kwenda chini, ikisukumwa kwa ubavu hung'oka. Kwenye kenta likae mbele kabisa, mgongo ukiegemea ukuta wa kichwa cha gari, na magodoro yalibane pembeni. Blanketi ndiyo igusane na vanishi, nailoni ije juu yake. Nailoni ikigusa vanishi hushika unyevu na kuacha mabaka meupe. Kila kamba inapopita kwenye kona, weka kipande cha boksi.

Mwezi wa 4 ni masika, kwa hiyo usikubali gari lisilo na turubai, hata kama asubuhi Kibo iko wazi. Mkifika Boma Ng'ombe mwambie utingo akaze kamba upya. Mzigo huwa umeshajipanga kwa mtikisiko, kamba zimelegea, na matuta bado ni mengi hadi Tengeru.

Friji isilazwe. Oili ya kompresa huingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha hivyo kompresa inaweza kufa. Izime siku moja kabla, barafu iyeyuke, ikaushe, isafiri imesimama na imefungwa. Ikifika, subiri kwa muda wa saa nne ndipo uiwashe. Kama walikwishailaza bila wewe kujua, isubiri siku nzima.

Njiro unaweza kukuta milango ya kabati haifungi. Fundi atatoa randa mara moja; mzuie. Mara nyingi ni sakafu tu haiko sawa na fremu imepinda kidogo. Chomeka kibanzi chembamba cha mbao chini ya mguu wa mbele, upande mmoja kisha mwingine, huku ukiutazama mwanya kati ya milango. Ukinyooka juu hadi chini, kibanzi kiache hapohapo.