Mzigo umevunjika, fidia haionekani: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia mizigo iliyoharibika njiani na madai ya bima yasiyolipwa. Nimezifupisha.

Ndugu mwandishi, assalaam alaykum. Nilipokea cherehani gatini Mkoani, Pemba, kutoka bandari ya Malindi, Unguja. Katoni ilikuwa nzima, lakini nilipoifungua nyumbani nikakuta mkono wake umepasuka. Wakala anasema nilishatia saini, basi. Ni kweli? (Msomaji, Mkoani)

Waalaykum salaam. Si basi, ila umejiweka pagumu. Saini yako katika daftari la wakala inaonyesha kwamba ulipokea mzigo ambao kwa nje ulikuwa mzima. Haithibitishi hali ya kitu kilichokuwa ndani ya katoni ambayo hukuifungua. Hata hivyo, kila siku inayopita bila ya wewe kuandika malalamiko inampa wakala nafasi ya kusema kwamba cherehani ilivunjikia kwenye daladala. Andika barua leo, utaje namba ya risiti, tarehe ya safari na kilichovunjika, upeleke nakala mbili na umtake aigongee muhuri ile utakayobaki nayo. Ipige picha katoni pande zote, pamoja na vitu vilivyojazwa ndani kuizuia cherehani isicheze. Muhimu zaidi, usimpelekee fundi mpaka ikaguliwe au wakala akatae kwa maandishi kuja kuiona, kwa sababu mkono ukishachomelewa ushahidi wako umekwenda. Najua meli inapofika hakuna mwenye subira ya kufungua katoni huku wachukuzi wakisukumana. Siku nyingine andika tu pembeni mwa saini yako: «ndani sijakagua».

Kaunta walinitoza shilingi elfu mbili za «bima». Televisheni imefika kioo kimepasuka, nao wanataka kunilipa sehemu ndogo tu ya thamani yake. (Msomaji, Chake Chake)

Waulize bima hiyo imetolewa na kampuni gani ya bima, na hati yake ni namba ngapi. Wakikosa jibu, yumkini ulicholipia ni ada ya kutangaza thamani, yaani ahadi ya msafirishaji mwenyewe kwamba atawajibika kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko kile cha kawaida. Hiyo si bima, na kuiandika «bima» kwenye risiti ni, kwa maoni yangu, kumhadaa mteja. Kama kweli ni bima, tazama thamani uliyoitaja. Aliyetaja shilingi 300,000 kwa televisheni ya shilingi 900,000 ili apunguziwe ada kwa kawaida hulipwa theluthi moja ya hasara, kwa kuwa theluthi mbili zilizobaki huhesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe.

Wanasema nilifunga mzigo vibaya. (Msomaji, Jambiani)

Hoja hiyo ina uzito, kwani hata masharti mapana zaidi ya bima ya shehena yanayotumika duniani, yale ya daraja A, hayafidii hasara inayotokana na ufungaji hafifu, wala inayotokana na ucheleweshaji. Lakini anayejificha nyuma ya sharti hilo ndiye mwenye kulithibitisha. Mtake aeleze kwa maandishi kasoro ni ipi, na kwa nini karani aliupokea mzigo bila ya kuandika chochote.

Kitu nilikinunua mtumba, sina risiti ya duka. (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Ujumbe wa malipo ya simu na maelezo ya muuzaji yaliyotiwa saini vinaweza kukusaidia. Usitarajie bei ya kitu kipya.

Dada yangu alinitumia vyombo kwa meli kutoka Dubai. Wakala anasema siku tatu za kulalamika zimepita. (Msomaji, Wete)

Siku tatu ni za kanuni za The Hague za 1924, kanuni za kimataifa za kusafirisha mizigo kwa bahari. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Hamburg wa 1978, unaohusu pia mizigo inayoshushwa katika bandari ya nchi mwanachama: uharibifu unaoonekana hutolewa taarifa kabla ya kupita siku ya kazi inayofuata ile ya kukabidhiwa mzigo, usioonekana ndani ya siku 15 baada ya kukabidhiwa, na muda wa kufungua kesi ni miaka miwili. Kuchelewesha taarifa hakuui dai. Kunakubebesha tu mzigo wa kuthibitisha. Kwa ndege mambo ni makali zaidi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, asiyelalamika kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea mzigo hana kesi, isipokuwa pakiwa na udanganyifu.

Simu hawapokei tena. Niende wapi? (Msomaji, Mkoani)

Acha simu, andika, na uwape tarehe ya mwisho ya kujibu. Ikiwa anayekukwepa ni kampuni ya bima, peleka nakala hizo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ikiwa ni msafirishaji na bima yenyewe haikuwepo, wa kumwendea ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na risiti ile ya «bima» iwe karatasi ya juu kabisa katika jalada lako.