Kusindikiza wanafunzi Ngorongoro ukiwa mwalimu wa kujitolea

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unatoka Kenya kwenda kujitolea katika shule ya msingi huko Karatu, Tanzania, na kwamba umeombwa uwasindikize wanafunzi katika ziara yao ya kwanza ya kreta ya Ngorongoro. Kuhusu kibali, jibu ni fupi: kuingia bila viza hakukupi ruhusa ya kujitolea, hivyo hakikisha shule inakuombea mapema kibali cha ukaazi cha daraja C. Lenye uzito zaidi ni watoto wenyewe. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na asubuhi huwa na ukungu na baridi, kwa hiyo waagizwe waje na masweta, na wanaotapika safarini waketishwe mbele. Mkitua Ngoitokitok, eneo la mapumziko ndani ya kreta, kwa chakula cha mchana, ni heri wale ndani ya gari, maana mwewe wa pale hunyakua chapati mkononi bila haya. Wataulizia twiga, waeleze kwamba hawaishi ndani ya kreta, ambayo kuta zake zina mteremko mkali. Picha za watoto usizisambaze bila idhini ya wazazi, na katika kila uamuzi wa njiani mwachie mwalimu wa darasa neno la mwisho.