Alisema “spend a penny”, nikamletea pochi

Wiki yangu ya pili kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee pembezoni mwa Nottingham, bibi mmoja wa miaka 91 aliniita kwa kidole. “I need to spend a penny, duck,” akasema. Nikaona leo nimemwelewa. “Spend” ni kutumia pesa, “penny” ni senti. “Duck” ni bata, lakini hilo nilishalizoea: huku kila mtu ni bata, hata dereva wa basi, na wala halihusiani na kula bata kwa kwetu. Nikaenda kabatini, nikamletea pochi yake. Akaitazama pochi, akanitazama mimi, akarudia maneno yaleyale polepole. Nikamfungulia na zipu. Tulipokuja kuelewana kiti kilikuwa kimeshalowa, na mtu mzima analia.

Kumbe alibanwa na haja ndogo.

Zamani milango ya vyoo vya umma Uingereza ilikuwa na kitasa kinachofunguka kwa sarafu ya peni moja. Kwenye Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, pale Hyde Park jijini London, fundi mmoja aitwaye George Jennings aliweka vyoo vya kulipia, na watu zaidi ya 800,000 wakatoa peni zao. Februari 1971 nchi ilibadili mfumo wake wa sarafu na peni ile ya zamani ikaachwa, ila msemo ukabaki vinywani mwa waliokua nao. Kijana wa miaka 20 wa hapa haumtoki. Bibi wa miaka 91 unamtoka kila baada ya saa mbili. Sasa wewe unayekuja kubeba boksi la kutunza wazee, jiulize utashinda na nani kutwa nzima.

Mimi nilidhani nimejiandaa. Kabla ya kusafiri nilinunua kijitabu cha misemo kwa wauza vitabu wa barabarani Dar es Salaam, nikakariri yote, mia mbili na kitu. Mvua kubwa eti ni “raining cats and dogs”. Nchi hii mvua ni jirani, lakini katika miaka sita sijamsikia mtu akisema hivyo kazini isipokuwa mimi mwenyewe, siku ya kwanza, na msimamizi wa zamu akageuka pembeni acheke. Wingu likitanda wazee wa hapa husema “It’s black over Bill’s mother’s”, yaani kweusi kule kwa mama yake Bill. Bill ni nani? Nimeuliza sana. Hakuna anayemjua.

Kwa hiyo usianze na kusema. Anza na kusikia. Hakuna mzee aliyewahi kuumia kwa sababu mhudumu wake hakujua kupamba Kiingereza. Wameumia kwa sababu mhudumu hakusikia walichoomba. Misemo ya chooni, ya maumivu na ya kuanguka ijue kabla ya mengine yote. Ile ya kuchekesha itakuja yenyewe. Mzee akisema “I could murder a cup of tea” hamuui mtu, ana hamu ya chai. Akisema chumbani kwake ni kama “Blackpool Illuminations” anataka uzime taa: Blackpool ni mji wa pwani wenye taa za maonyesho zilizoanza mwaka 1879, na mzee wa huku haridhiki akiona balbu inawaka bure.

Wala usijione mjinga. Kazi hii ya kusikia fumbo umeifanya tangu utotoni. Basi la kwenda Mwanza linaposimama porini na kondakta akatangaza “dakika tano za kuchimba dawa”, nani kati yetu ameshuka na jembe? Unashuka, unatafuta kichaka chako, unarudi. Mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani angebaki kitini akijiuliza ni dawa ya nini. Ndiyo ile pochi yangu.

Nilichofanya baada ya aibu ile ni kununua daftari dogo la mfukoni. Upande mmoja naandika sentensi nzima kama ilivyosemwa, na nani kaisema, na alikuwa na uso gani. Upande wa pili siandiki tafsiri ya neno kwa neno, naandika sisi tungesema nini mahali palepale. Hapo ndipo mambo yakaanza kunikaa. Mzee akifariki kwa uzee, wenzake husema “he had a good innings”. Hiyo ni kriketi, zamu ya mpigaji kusimama na gongo lake. Aliyekaa muda mrefu uwanjani bila kutolewa kacheza vizuri. Nikaandika: amekula chumvi nyingi. “On a sticky wicket” nayo ni kriketi, uwanja ulionyeshewa mvua ukaanza kukauka juani, mpira ukidunda hujui utaelekea wapi. Nikaandika: amekalia kuti kavu. Wao wana uwanja wenye tope na sisi tuna mnazi, hofu ni ileile. Misemo mingine utaikuta unaijua tayari kutoka kanisani. “By the skin of my teeth”, kuponea chupuchupu, inatoka Ayubu 19:20, na ukifungua Biblia ya Kiswahili utakuta ile ngozi ya meno imekaa palepale.

Lakini jihadhari na inayofanana kwa sura. Sisi kutia chumvi ni kuongeza uongo kwenye habari. Wao wakikwambia habari uichukue “with a pinch of salt” wanakuonya usiiamini yote. Chumvi ni moja, ila kwetu anaitia msemaji na kwao anaitia msikilizaji. Niliwahi pia kumwambia mwenzangu aliyenikatalia kubadilishana zamu kwamba “you have broken my heart”. Nilitaka kusema kanivunja moyo, basi, nimekata tamaa na Jumamosi yangu. Yeye alisikia maneno ya mtu aliyeachwa na mchumba. Wiki nzima walinitania.

Niseme sasa lile ambalo laiti ningeambiwa siku ya kwanza.

Kwetu Tanga, na nadhani hata kwenu, ukiulizwa habari unajibu nzuri kwanza, hata kama nyumba inaungua. “Habari za nyumbani?” “Nzuri.” “Wazee?” “Wazima, ila baba alianguka juzi, tumemlaza hospitali ya Bombo.” Ukweli wote umekaa baada ya ila, na kila mtu anajua kuusubiri. Mwingereza wa umri ule naye anaanza na nzuri: “Not too bad, love.” “Mustn’t grumble.” Tofauti ni kwamba ila yake anaimeza.

Mzee mmoja wa miaka 84 aliniambia asubuhi yupo “a bit under the weather”. Kijitabu changu kilisema maana yake ni kutojisikia vizuri kidogo, na mwenyewe kasema “a bit”, kidogo. Nikaandika ameamka salama. Jioni homa ilifika 39, usiku yuko hospitali na nimonia. Alipona, akarudi, na hakunilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kwamba kwa mzee yule kidogo hakina kipimo. Tangu hapo nikipewa “not too bad” nauliza tena, kwa mlango mwingine: umelala vipi, umekula nini, mbona chai imepoa? Na huku naangalia anavyohema. Ile ila yake lazima uivute wewe.

Kuna na neno “poorly”. Shuleni tulifundishwa kwamba ni vibaya. Huku “she’s poorly” maana yake anaumwa, na muuguzi akikwambia kwenye simu kwamba mtu ni “very poorly”, usiweke simu chini kwa raha. Hali ni mbaya sana, huenda familia inaitwa.

Kwenye kumbukumbu za zamu, misemo iache mlangoni. Niliwahi kuandika kwamba bibi fulani “has been in the wars”, yaani kaumia hapa na pale, kwa sababu ndivyo alivyoniambia mwenyewe na nilijivunia kuidaka. Msimamizi akanirudishia karatasi: vita gani? Alitaka michubuko mingapi, mkono upi, ukubwa gani, saa ngapi imeonekana. Maneno ya mzee yaandike ndani ya alama za kunukuu kama alivyoyasema, halafu chini yake uandike ulichokiona kwa macho yako, kwa Kiingereza kikavu.

Na misemo yetu sisi, tunayoivalisha nguo za Kiingereza bila kujua? Hiyo ndiyo inayowachanganya wenyeji zaidi ya makosa ya sarufi. Mzee kajikwaa, nikasema “sorry, sorry” nikimaanisha pole. Binti yake aliyekuwa amesimama pale akaniuliza kwa nini naomba radhi, kwani nimemsukuma? Mahali penye fomu za ajali hilo swali si la mzaha. Siku hizi nasema “oh dear, are you all right?”, ingawa moyoni bado ni pole. Mwenzangu akirudi likizo nilikuwa namwambia “you were lost!”, ananiangalia, hajapotea popote, alikuwa Hispania. Na ukiitwa ukajibu “I’m coming” huku unaondoka kufuata taulo, mzee anaona umemkimbia. Sema “I’ll be right back”.

Kuuliza usione haya. “I’ve not heard that one, what does it mean?” inatosha. Wazee wanapenda kuulizwa. Wengi wao siku nzima hakuna anayetaka kujua lolote kutoka kwao isipokuwa kama wamemeza vidonge. Nusu ya daftari langu nimefundishwa na watu waliokuwa wakisubiri miguu yao ikauke.

Yule bibi wa pochi naye nilimweleza, baadaye, tulipokuwa tumeshazoeana, jinsi kondakta anavyotangaza. Alicheka hadi akakohoa, akanifanya nirudie tena na tena mpaka akaishika. Mwezi uliofuata nilimkuta ukumbini katikati ya wenzake na wageni, kanyoosha kidole hewani kama anayeita teksi. “Duck,” akasema kwa sauti, “kuchimba dawa.” Watu wakageuka. Nikakivuta kile kigari chake, tukaenda.